Unga wa Rehema

Nambambo, Nachingwea

Somoe, mpwa wangu,

Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa watu kwamba barua kwa ndugu huanza kwa salamu, kisha mwandishi humuuliza mwenzake hali yake. Salamu nakupa. Hali sitakuuliza. Nilishuka mimi mwenyewe kaburini kukupokea, na najua ulivyokuwa mwepesi.

Nakuandikia kwa sababu jina lako lilikaa muda mrefu bila kurithiwa, na una haki ya kujua ilikuwaje. Baadhi ya mambo nitakayoyasema unayajua kuliko mimi. Nayarudia kwa kuwa Zaituni ataisoma barua hii akikua, na sitaki aokoteze habari zake kisimani.

Katika ukoo wetu, mtu akifa na matanga yakaisha, huketishwa mrithi mkekani akapewa jina la marehemu. Tangu siku hiyo mrithi huitwa kama alivyoitwa yule aliyekufa. Bibi humwita mwanangu, mjomba humwita mpwa wangu, hata kama jana yake alikuwa mjukuu wao. Jina lisiporithiwa, mwenye jina hana pa kukaa tena miongoni mwetu. Mrithi wako alijulikana bila mjadala: Zaituni, mtoto pekee wa marehemu dada yako Rehema. Lakini Zaituni analelewa na mama yako kule Matambarale, na mama yako alikataa.

Hakuja kukuzika. Hilo nadhani unalijua. Jeneza lako lilipofika kwa gari la mizigo kutoka Dar es Salaam, nilimtuma mtu kwa baiskeli. Akarudi peke yake, amelowa mvua, akaniambia, "Mwalimu, anasema yeye alishazika." Baada ya arobaini yako nilikwenda mwenyewe. Nikamkuta anapepeta mtama.

"Dada," nikamwambia, "tumpe mtoto jina."

"Jina la nani?"

"La Somoe."

Hakuacha kupepeta. "Mimi nilizaa Rehema," akasema. "Yule mwingine alimtazama mwenzake mpaka akafa. Leo unataka nimwite mjukuu wangu kwa jina la macho yale, kaka?"

Nilirudi Nambambo na jibu hilo.

Sasa niseme habari ya unga, nami nitaisema sawasawa. Rehema alipotolewa hospitali, madaktari wakisema arudishwe nyumbani, mimi ndiye niliyeitwa kwenda kumwaga unga, kwa kuwa mimi ndiye mjomba. Watu walishangaa kwamba mwalimu, tena anayeswali, atafanya jambo lile. Nililifanya. Baba wa mama yangu alilifanya, na mgonjwa alikuwa wa kwetu. Nikachukua unga wa mtama, nikaumimina taratibu chini ya mti wa msolo ulio nyuma ya nyumba ya mama yako, mpaka ukasimama kama pia, una ncha. Nikawaita wazee wetu waliotangulia kwa majina yao. Nikawaeleza nani anaumwa. Kisha tukaondoka bila kugeuka.

Sharti ni moja, na kila mtoto wa kwetu analijua. Unga ukishamwagwa hautazamwi. Huachwa peke yake na wenyewe, mpaka alfajiri. Alfajiri aliyeumwaga huenda kuuangalia kabla hajasema na mtu. Ukikutwa umesimama, wamepokea. Ukikutwa umemomonyoka, watu wa nyumbani huanza kukaa karibu na mgonjwa.

Wewe ulikuwa umeniomba tangu mchana. Ulikuwa umekuja na kamera ile ya video, ya kuazima, na ile miguu mitatu ya kuisimamishia.

"Mjomba, niruhusu niuchukue picha."

"Unga hautazamwi."

"Sitautazama mimi. Itautazama kamera."

Nikakwambia hiyo ni hoja ya mtoto mjanja darasani, na kwamba jibu ni lile lile. Ulinyamaza. Nilidhani umenielewa.

Alfajiri nilikwenda. Unga ulikuwa umeanguka upande mmoja, umesambaa. Na mbele yake, karibu na ufuta uliosimikwa kukauka, kulikuwa na vitundu vitatu ardhini, vimepangana vizuri, na alama ya mtu aliyekaa chini. Sikuwa wa kwanza kuuliza. Mama yako alitoka nyuma yangu akaviona.

Hukukana. Ulisema, "Ni mimi, mama." Ulisimama pale na kanga ya Rehema mabegani. Akakwambia lile neno, kwamba umemtazama dada yako. Rehema hakumaliza wiki. Baada ya mazishi mama yako alikutolea begi lako nje, akaliweka juani, akafunga mlango. Zaituni alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Uliondoka ukaenda Dar es Salaam kupiga picha za harusi za watu. Kila mwaka uliniletea salamu, na kila mwaka uliniuliza swali moja: "Mama ameniuliza?" Nami sina tabia ya kusema uongo.

Halafu ukaja ile safari na mkanda wa video. Ulifikia hapa kwangu, ukiwa tayari umeanza kukohoa, ukaniambia umetengeneza sinema, fupi, na kwamba imeshaonyeshwa mjini mbele ya watu wachache waliokaa kimya. Nikakuuliza inahusu nini.

"Unga, mjomba."

"Unga unafanya nini?"

"Unakaa."

"Unakaa tu?"

"Unakaa, na jua linashuka."

Nikakwambia kwamba hata insha ya darasa la nne ina mwanzo, kati na mwisho. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Hii ina mwisho, mjomba. Ina mwisho kuliko zote."

Ulitaka watu wa nyumbani waione. Bakari akakubali kukupa banda lake la video pale Nachingwea mjini, jioni ya siku ya gulio, kabla ya picha ya ngumi. Nilikwenda. Nilikaa benchi la nyuma pamoja na kofia yangu, na niliona haya kwa ajili yako kabla hata haijaanza. Kwanza zilionekana nyayo zinaondoka, na viatu vya ngozi vilivyochakaa kisigino nikavitambua ni vyangu. Kisha unga. Unga peke yake, chini ya mti, kamera haisogei, hakuna muziki, hakuna anayesema.

Vijana walivumilia kidogo tu.

"Bakari! Mkanda umekwama!"

"Ipige kofi hiyo deki!"

"Sasa stelingi ni nani hapa, unga?"

"Ngoja, adui yake anakuja. Ugali!"

Banda zima likacheka. Wazee wawili waliokuwa mlangoni waliposikia ni unga wa nini walitoka wakitema mate. Bakari akaona atapoteza wateja, akautoa mkanda katikati, akaweka picha ya ngumi. Wewe uliupokea ukaupangusa kwa upindo wa kanga. Tulitembea mpaka Nambambo. Tulipofika mlangoni ukaniambia, "Ingefika mwisho, mjomba, wangenyamaza." Nilikujibu kwamba umeasi sharti, ukapata msiba, kisha ukaurudisha msiba kwenye banda la video uchekwe. Nilisema hivyo na nilimaanisha. Hata leo, Somoe, nasema ulikosea. Sharti ni sharti. Kama kila mtu atachungulia anavyotaka, hatutakuwa na kitu chochote kilichofunikwa.

Hayo yalikuwa yetu mimi na wewe. Miezi michache baadaye ulikufa, katika wodi ambayo sikuifikia kwa wakati.

Mambo ya huku yamebadilika kidogo. Wamesimamisha mnara wa simu upande wa mjini na vijana hupanda vichuguu kutafuta mawimbi, wananyoosha mikono hewani kama wanaopimwa nguo. Bakari ameacha mikanda. Anaonyesha sidii, na deki yake ya zamani alikuwa ameifungia kwenye gunia pamoja na maganda ya betri. Mzee mwenzangu wa safu ya mbele msikitini amefariki. Mimi naona vizuri kwa jicho moja. Begi lako lililetwa pamoja na jeneza. Nguo niliwagawia wanawake wa kwetu kama inavyotakiwa. Nilibaki na mkanda na ile miguu mitatu. Ndugu wakaniambia, "Chimbia, Mwalimu, au choma. Kitu kile kimeshaua wawili." Wengine walisema mama yako atakubali jina lirithiwe pindi mkanda utakapoteketea.

Nilifikiri sana. Kuchoma ni jambo rahisi. Lakini maisha yangu yote sikupata kumpa mwanafunzi alama kabla ya kuusoma ukurasa wake wa mwisho, na mkanda wako nilikuwa nimeuona nusu. Nikaenda kwa Bakari.

"Ule wa unga?" akaniuliza. "Mwalimu, ule si utaua jenereta langu kwa usingizi?"

"Lete deki," nikamwambia. "Tunakwenda Matambarale."

Tulipanda gari linalokwenda kubeba ufuta, tukiwa na televisheni katikati ya magunia, imevikwa blanketi. Bakari aliishikilia njia nzima kama mgonjwa. Mama yako alitukuta tunashusha vitu uani kwake. Nilimweleza bila kuzunguka: kwamba nimeleta kile Somoe alichokifanya siku ile, kwamba mimi mwenyewe sijakiona chote, na kwamba tukikiona chote, akisema kichomwe, nitakichoma pale pale mbele yake, na neno la jina sitalirudia tena mpaka nife.

"Washa," mama yako akasema. "Lakini mimi unga sitautazama. Mimi sikukulia gizani."

Tuliiweka televisheni ndani, naye akaingia na ungo wake wa choroko, akakaa akiipa mgongo, uso ukutani. Zaituni alikaa chini karibu yake. Bakari alilipeleka jenereta nyuma kabisa ya mihogo, akavuta waya mrefu, ndipo tukaweza kusikia. Na hilo, Somoe, ndilo ambalo bandani hatukulipata, kwa kelele za watu na jenereta la mlangoni. Tulikuwa tumedhani sinema yako haina sauti.

Upepo ulikuwepo. Mtu alikuwa anatwanga mbali. Mtoto alilia, akabembelezwa. Mama yako alichambua choroko, akitupa mawe mlangoni. Zaituni ndiye aliyekuwa anamwambia, bila kuulizwa.

"Bibi, unga umesimama."

"Haya."

"Bibi, kivuli cha mti kimeufikia."

"Haya."

Ndipo mtu akakohoa ndani ya televisheni. Kikohozi kirefu, kinachokatika katikati na kuanza tena. Mkono wa mama yako ukabaki hewani.

"Nani anakohoa?" Zaituni akauliza.

Bakari alitazama miguu yake. Kisha mama yako akasema, uso ukiwa ukutani vile vile, "Mama yako."

Mtoto alisogea karibu na kioo. Hakuwahi kumsikia. Alikuwa anautazama unga kana kwamba sauti ilitoka humo.

Jua lilikuwa linakwisha pale kwenye picha, unga umebaki mweupe na kila kitu kingine kimekuwa cheusi. Kuku akaingia. Ni kuku wa kawaida, jike, anatembea hatua moja anasimama. Zaituni akapiga kelele, "Bibi, kuku! Anakwenda kuula!" Na hapo, karibu kabisa, kana kwamba umekaa nasi mkekani, tukakusikia.

"Shii! Ondoka. Ondoka, si chako hicho. Cha dada."

Bonge la udongo likaruka, kuku akakimbia. Ulisikika unavuta pumzi. Ukaanza kuyataja kwa sauti ya chini majina ya wazee wetu, yale niliyokuwa nimeyataja mimi, kwa mpangilio ule ule. Sikujua kwamba unayajua. Ulimruka mmoja, ukarudi ukamtaja.

Sikuweza kumtazama mama yako. Nilitazama kioo, mimi niliyemwaga unga ule, nikiuona kwa mara ya kwanza ukisimama. Haukuwa umepungua hata punje.

Kisha sauti ya mwanamke ikapiga kelele kutoka nyumbani. Ilitoka mbali, lakini ilisikika kila neno.

"Somoe! We Somoe! Uko wapi wewe? Njoo unisaidie kumgeuza mwenzio! Somoe!"

"Naam, mama. Nakuja."

Picha ikakatika. Hapo ndipo ulipoikatia, na ndio mwisho wake.

Choroko zilikuwa zimemwagika, wala sikusikia zikimwagika. Bakari aliinuka kuzima. Mama yako akasema, "Rudisha." Akarudisha. Aliisikiliza tena ile sauti yake mwenyewe ikikuita, na wewe ukiitika. Akauliza, "Nilipomwita, unga ulikuwaje?"

Mtoto ndiye aliyejibu. "Ulikuwa umesimama, bibi."

"Alikuwa anaulinda," mama yako akasema. "Mimi nikamwita."

Hakulia. Ningependa kukwambia kwamba alilia. Alikaa vile vile, uso ukutani, mpaka Bakari alipomaliza kukunja waya. Sikumwambia kwamba unga hauui wala hauponyi. Mimi ndiye niliyeumwaga, sina kinywa cha kusema hivyo. Wala sikumwambia kwamba kuku angeweza kurudi hata kama ungekesha, au mbuzi, au upepo. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja ambalo lingefaa. Nilifunga begi.

Tangu siku ile nimekuwa nikikuuliza jambo moja, Somoe, na huwezi kunijibu. Asubuhi ile ulipokuwa umesimama na kanga ya Rehema mabegani, ulikuwa na jibu. Ungesema tu, "Ulikuwa umesimama, mama, mpaka uliponiita." Hukulisema. Ulibeba begi lako ukaondoka nalo jibu hilo, ukalikalia miaka yote ile, ukaniuliza kila mwaka kama amekuuliza. Kisha ukaliweka mwisho wa mkanda. Kama ulimhurumia, kwa nini uliliweka? Kama ulitaka alisikie, kwa nini hukumpelekea ungali hai? Nimejaribu kulisoma kwa kila namna. Nilikufahamu tangu unatambaa, na sijui.

Baada ya siku kadhaa alinitumia ujumbe kwa dereva wa gari la ufuta. Maneno mawili: "Leta mkeka."

Tulimketisha Zaituni uani kwake, amevikwa kanga mpya, kichwa kimenyolewa. Walikuja ndugu wa Nambambo na wa Chunyu, hata waliosema nichome. Unajua utaratibu. Mrithi hukaa kimya, kichwa chini, na aliyemzaa marehemu husimama mlangoni akamwita kwa jina lile kwa sauti ya kusikika na wote. Mrithi akiitika, akainuka na kumwendea, imekwisha. Mimi nilisema maneno ya ukoo. Nikanyamaza ili mama yako aite.

Alisimama mlangoni. Alifungua kinywa.

Tulingoja. Watu walianza kutazamana. Mtoto pale mkekani alikuwa amejikaza, mabega juu, anangoja kuitwa ili aitike vizuri kama alivyofundishwa. Mmoja wa mashangazi akanong'ona, "Muite basi, dada, jua linachoma." Mama yako akafunga kinywa. Alishuka kizingiti, akavuka ua mzima peke yake, magoti yake mabovu kama ulivyoyajua, mpaka mkekani. Akakaa chini kando ya mtoto, akamshika mkono.

"Huyu simwiti," akatuambia. "Huyu nitakuwa namfuata mwenyewe alipo." Kisha akamgeukia, akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake jikoni, "Somoe, mwanangu."

"Naam, mama," mtoto akaitika.

Utaratibu hauko hivyo. Mrithi ndiye anayemwendea mzazi, si mzazi kumwendea mrithi, na wazee walinitazama mimi niseme neno. Nilisema imekubalika.

Basi jina lako lina mtu. Anasoma vizuri, mwandiko wake ni mbaya, nami namwita mpwa wangu. Mara mbili nimemwita Zaituni kwa kusahau, naye hajaitika.

Kaburi lako nimelizungushia mawe kabla ya masika. Mama yako alikuja kuliona. Alikaa upande wa miguu mpaka alasiri, hakusema kitu ninachoweza kukuandikia.

Nakuahidi haya, na unajua kwamba huwa siahidi ovyo. Mkanda wako sitauchoma wala sitauchimbia. Nimeufunga ndani ya kopo la maziwa pamoja na mkaa mkavu ili unyevu usiule. Sitaupeleka tena kwenye banda la mtu yeyote. Wala mimi sitautazama tena, kwa kuwa mimi ndiye mwenye unga, na unga hautazamwi. Huyu Somoe akimaliza shule nitamkabidhi mwenyewe, pamoja na ile miguu mitatu. Na kama atataka kujua kwa nini umekatikia pale, mama yako amesema nisimweleze mimi. Amesema atamweleza yeye.

Kwaheri, mpwa wangu. Tumeshakuzika wote sasa.

Mimi, mjomba wako.